Jumamosi ya shokapu nne

Aliyeniambia ukweli ni mama. Tulikuwa tunarudi Dar kutoka Tanga, tumeshaipita Segera, nikaingia kwenye tuta ambalo sikuliona mapema. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena. Mama akashika mpini wa juu ya mlango, akakaa kimya kama kilomita mbili hivi, kisha akasema, "Baba, gari lako linanichefua kama mashua ya kwenda Pemba." Leso ilikuwa mdomoni, na uso umemkunjamana. Niliumia.

Mimi naliendesha kila siku na sikuwa nimegundua kitu. Shokapu, kile kifaa kinachotuliza mdundo wa springi, haifi siku moja kama betri. Inalegea kidogo kidogo, na dereva naye anajirekebisha kidogo kidogo: unaanza kupunguza mwendo kwenye kona uliyokuwa unaipita bila wasiwasi, unakamata usukani kwa mikono miwili kukiwa na upepo, unasema barabara imeharibika. Barabara ilikuwa ileile.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, ile ya taa za duara, injini ya turbo ya cc 1994. Ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 250, na injini bado ina pumzi. Lakini nguvu hizo zote zinafika chini kupitia mipira na mafuta ya umri wa zaidi ya miaka 20. Tulipofika nyumbani nilipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Limeliwa kwa mawimbi, bonde na mlima, bonde na mlima. Shokapu mbili za mbele zilikuwa zimevuja mafuta, vumbi limeganda juu yake kama ugali uliokauka kwenye sufuria.

Nilikuwa nimeshaanza kuweka akiba ya kununua seti ya kushusha gari. Picha zake ndizo zilizonivutia, nakiri, gari limelala chini, rimu zimejaa kwenye matao. Nikampelekea habari fundi wangu, mzee mmoja wa Ilala ambaye ameshika Subaru nyingi kuliko nilizowahi kuziona.

"Unakaa wapi, mwanangu?"

"Goba, mzee."

"Kutoka lami mpaka getini kwako kukoje?"

Sikuwa na la kujibu. Akanikumbusha Safari Rally ya Kenya, ambayo Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiwa na dereva Colin McRae. Magari yale yalikuwa yameinuliwa, na miguu yake ilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Kwenye mashimo, gurudumu linatakiwa lifuate ardhi, maana likiwa hewani halina breki wala usukani. Nikaagiza shokapu za Kayaba za kimo cha kiwandani, na akiba iliyobaki nikaimalizia kwenye bushi (mipira ya viungo vya miguu ya gari), mauntini za juu zinazoshika kichwa cha shokapu, na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Nilinunua pale ambapo niliweza kufungua boksi na kulinganisha na kitu cha zamani. Niliwahi kuuziwa linki feki, zikaanza kugonga kabla ya miezi mitatu.

Tulianza saa moja asubuhi. Mbele kazi ilikwenda vizuri. Bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika mguu wa shokapu ndiyo inayopanga mlalo wa gurudumu, kwa hiyo niliichora alama ya rangi nyeupe kabla hatujaigusa. Springi tukaibana kwa vibanio viwili, polepole, zamu upande huu zamu upande ule, na mzee akamwondoa kijana wake aliyekuwa amesimama usawa wa springi. Springi iliyobanwa haina urafiki na mtu. Shokapu ya zamani ilipotoka nilibonyeza fimbo yake kwa kiganja. Ikazama mpaka mwisho, laini kama kisu kwenye papai, ikabaki hukohuko. Ile mpya niliikata utepe wake, ikainuka yenyewe taratibu kwa gesi iliyo ndani. Nilibonyeza mara nne tano, nikahisi mafuta yakipita kwa shida kwenye vitundu vyake. Kazi yote ya shokapu ni hiyo shida: springi inataka kucheza, mafuta yanaikatalia, na mchezo unageuka kuwa joto.

Nyuma ndiko tulikotesekea. Ilibidi tutoe kiti kizima ili kuzifikia nati za juu. Chini ya kiti kulikuwa na sarafu ya yen 5, ya rangi ya shaba, ina tundu katikati na meno ya gia yamezunguka tundu. Nikaitia mfukoni. Halafu tukakutana na ile bolti ndefu inayopita kwenye mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma. Karatasi za mnada zilionyesha gari hili liliishi Sapporo, kaskazini mwa Japani, kwenye theluji na chumvi za barabarani, na bolti ilikuwa imeota kutu ndani ya bushi ikawa kitu kimoja. Dawa ya kutu, nyundo, moto, bomba refu juu ya spana ya 19. Tulihangaika kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwishoni tukaikata kwa grenda, na bushi zikapelekwa kwa jirani mwenye presi.

Jambo moja lilinisumbua kulisema, kwa kuwa mzee ni mzee. Alitaka kukaza bolti za bushi gari likiwa bado juu ya jeki, kama gereji nyingi zinavyofanya. Ukikaza hivyo, mpira unashikwa ukiwa katika mkao wa gurudumu linaloning'inia, na gari likishuka unabaki umejinyonga siku zote mpaka uchanike. Nikamwambia, "Mzee, naomba tukaze likiwa limekaa kwenye miguu yake." Akachukua bushi ya zamani, akaingiza bisibisi katikati yake, akainyonga, akaona nyufa zinavyofunguka. Akakaa nayo kidogo. "Leta zile mbao," akamwambia kijana. Tukapandisha magurudumu yote manne juu ya mbao, mzee akalala chini, akakaza mwenyewe moja baada ya nyingine.

Jumapili nimepeleka wili alaimenti, magurudumu yapangwe yaelekee sawa. Yale matairi yaliyoliwa bado yanavuma, nitayabadilisha mwezi ujao kabla sijamfuata mama. Sarafu nimeiweka kwenye kisahani kando ya breki ya mkono. Leo jioni, kwenye tuta la kuingia mtaani kwetu, iliteleza mara moja ikagota ukingo, ikatulia.