Kutoka Mtwara hadi Lindi: miji mitatu na bandari zake

Mtu anayefika Mtwara kwa mara ya kwanza hushangazwa na upana wa barabara zake za katikati ya mji na nafasi iliyoachwa kati ya jengo na jengo, utadhani waliopima viwanja walikuwa wakisubiri umati ambao haukufika. Ndivyo ilivyokuwa. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Nachingwea, Kongwa na Urambo, ikahitajika bandari yenye kina kirefu pamoja na reli ya kuifikia. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Bandari ilibaki, lakini reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Nilianzia safari hapa kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kuisoma historia ya pwani ya kusini kinyumenyume, kutoka mji mpya kwenda ile ya zamani, na kuona jinsi bandari moja ilivyokuwa ikistawi kwa kuinyang'anya nyingine kazi yake.

Kabla ya kuondoka nilipita Majengo, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, ambalo kuta zake za ndani zimejaa michoro ya masimulizi ya Biblia iliyochorwa na padri Mbenediktini kutoka Ujerumani, Polycarp Uehlein. Kwa rangi na ukubwa wake, sidhani kama kuna jengo lingine mjini Mtwara linalomlazimu mgeni kukaa kimya na kutazama namna ile.

Mikindani iko mwendo mfupi wa daladala, kilomita kama kumi hivi, na hapo mtaa hubadilika ghafla: njia ni nyembamba, nyumba zimebanana, na baadhi zina roshani za mbao zinazoning'inia juu ya wapita njia. Mbele ya nyumba moja mama aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani aliitikia shikamoo yangu, akaniruhusu niutazame mlango wake kwa karibu. Mfaa, yaani ule mti wa katikati unaopokea mbao mbili za mlango, ulikuwa umechongwa maua yaliyofuatana kutoka chini hadi juu, na ncha zake zilikuwa zimelainika kwa kuguswa na mikono ya vizazi kadhaa. Pembeni, lipu ilikuwa imebanduka na kuonyesha mwili halisi wa nyumba: mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na vichwa vya boriti za mikoko vikichungulia chini ya dari. Chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma matumbawe, hivyo bahari ndiyo iliyotoa jiwe na ndiyo iliyotoa kiunganishi chake.

Katika mji huu ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda aliowaleta kwa jahazi kutoka Zanzibar. Ipo nyumba yenye kibao kinachosema kwamba inasadikiwa alikaa humo kuanzia Machi 24 hadi Aprili 7 mwaka huo. Naona ni haki pia kuwakumbuka hapo Susi na Chuma, waliokuwa katika msafara ule tangu mwanzo na ambao, baada ya kifo chake mwaka 1873, waliongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Karibu na hapo lipo jengo linalojulikana kama Soko la Watumwa, na juu kidogo ya mji linasimama Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Kazi za utawala na biashara zilipohamia Mtwara, hakuna aliyekuwa na sababu ya kubomoa nyumba za Mikindani ili ajenge mpya. Umaskini ulioletwa na bandari ya jirani ndio uliozihifadhi. Jambo hilo linaniuma hata pale ninapolishukuru.

Basi la Lindi hupita Mnazi Mmoja, njia panda ya kwenda Masasi, kisha hushuka kuelekea mlango wa mto Lukuledi. Mto huu una kisa ambacho kingestahili kufundishwa katika kila shule ya mkoa. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipoanza, meli ya Kijerumani iitwayo Präsident ilijificha ndani ya mlango huo ikidai kuwa ni meli ya hospitali. Mwezi Oktoba manowari ya Kiingereza, Chatham, iliikuta, na waliopanda kuipekua walipata nyaraka zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Kwa karatasi hizo Waingereza walijua mahali ilipojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, ambayo waliiangamiza katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Lindi yenyewe nilitembea kwa miguu, kutoka ufukweni karibu na uwanja wa Ilulu hadi mitaa ya maduka ya zamani ya Wahindi. Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji huu moja kwa moja kutoka baharini, kikaua watu na kubomoa majengo, na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahamishiwa Mtwara. Lindi ilisubiri hadi mwaka 1971 ndipo ikawa mkoa unaojitegemea.

Hata hivyo, tukio linalonivuta zaidi katika bandari hii ni la kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wachukuzi walipokuwa wakitembea siku kadhaa kutoka kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, wakiwa na mifupa ya dinosaria vichwani na mabegani. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini kwenda Berlin, ambako kiunzi kimoja cha mifupa iliyounganishwa, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kinasimama katika makumbusho hadi leo. Mamia ya wachimbaji walikuwa wenyeji, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wanasayansi waliipa aina mojawapo ya dinosaria wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wabunge wetu wamewahi kuhoji kuhusu kurejeshwa kwa mifupa hiyo, na mjadala huo nauunga mkono. Lakini kibao chenye jina la Boheti, kikisimamishwa kwenye bandari ya Lindi pale mizigo ilipoteremshwa, hakihitaji kibali cha Berlin, na Manispaa inaweza kukiweka mwaka huu.