Mtoto wa Urambo kwenye tenti la wavuta viko

Mimi sivuti, sijawahi kuwa mvutaji, naanza na hilo kabisa maana kila nikisimulia hii stori lazima mtu aulize. Ila tumbaku naijua kuliko wengi wanaoivuta. Nimezaliwa Urambo, mkoa wa Tabora, na kwetu ada ya shule, mabati ya nyumba, harusi za shangazi zangu, vyote vilitoka kwenye tumbaku. Mtoto wa kiume akishafika umri wa kushika panga anapangiwa zamu ya usiku kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, kazi yako ni kuchochea moto tu, usiuache ukafa na usiuache ukawaka sana, maana siku za mwanzo jani linataka joto la taratibu mpaka ligeuke njano, halafu ndo unapandisha kidogo kidogo mpaka kikonyo chenyewe kikauke, kama wiki nzima hivi, na ukisinzia ukaja kushtuka joto limepanda kabla ya wakati, jani linabaki na ukijani, daraja linashuka sokoni, na baba anajua usiku ule zamu ilikuwa ya nani. Kuvuta sasa, nyumbani wazee walivuta msokoto wa kwenye gazeti, bibi alikuwa na ugoro wake kwenye kikopo, basi. Mtu anayevuta kiko sikuwahi kumwona hata mmoja.

Mwaka 2018 nilikuwa Illinois nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, ile kazi ambayo Wabongo na Wakenya wengi wa huku tumeipitia hata kama hatuisemi tukirudi likizo. Mzee niliyepangiwa alikuwa na miaka themanini na kitu, fundi mitambo mstaafu, miguu imekataa lakini kichwa kizima kabisa. Nilikuwa namwita Mzee, kwa Kiswahili hivohivo, nilimweleza ni heshima akalipenda, akawa mtu akimpigia simu anajitambulisha kwa hilo jina.

Chini ya nyumba yake kulikuwa na chumba kimejaa viko, ukutani viko, kwenye droo viko, na mitungi ya kioo imepangwa kwenye shelfu kila mmoja umebandikwa karatasi ya tarehe. Winta nzima ile alikuwa anachanganya tumbaku yake mwenyewe. Anapima kwenye mzani wa jikoni, anaandika kwenye daftari, anavuta kidogo, anakunja uso, anafuta, anaanza upya. Siku moja kanitajia aina za tumbaku alizoweka: Virginia nyingi, Burley kidogo, na Perique kwa mbali. Nikacheka. Akauliza unacheka nini, nikamwambia Mzee, Virginia na Burley haya ni majina ya kwenye karatasi za chama cha msingi cha wakulima nyumbani, mimi nimekua nachochea moto wa hiyo Virginia yako. Aliacha kupima. Kaniuliza maswali mpaka chakula kikapoa, mnakausha kwa kuni gani, mnajuaje limeiva, nani anapanga madaraja, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nimefika nchi hii nikawa naulizwa kitu ninachokijua kuliko anayeuliza.

Perique ndo sikuijua, akanieleza. Inatoka parokia ya St. James kule Louisiana (parokia huko ni kama wilaya, si ya kanisa), majani yanashindiliwa kwenye mapipa, yanakandamizwa kwa nguvu, yanakaa humo kama mwaka yanachachuka kwa maji yake yenyewe. Inatoka nyeusi tii, na haivutwi peke yake, inatiwa kidogo tu kwenye mchanganyiko.

Basi, kila mwaka mwezi wa tano wapenzi wa viko walikuwa wanakutana St. Charles, magharibi ya Chicago, kwenye hoteli moja kubwa ikiitwa Pheasant Run (ilikuja kufungwa 2020). Rafiki aliyekuwa anampeleka alishafariki, kwa hiyo dereva nikawa mimi. Binti yake hakupenda, daktari naye hakupenda, lakini mtu wa miaka ile utamfungia ndani ili iweje. Nikapakia kiti cha magurudumu, dawa zake, na mtungi wa ule mchanganyiko wake mpya ambao alikataa usikae kwenye buti, kaushika mapajani njia nzima.

Ukumbini ni meza kwa meza, halafu utulivu wake ulinishangaza, nilitegemea kelele za mnada. Mafundi wamekuja na viko walivyochonga miezi ya baridi, wengine wametoka Denmark, wengine Italia, wengine Japani, na wanunuzi wa kutoka China walikuwepo wa kutosha tu. Ule mti wa kuchongea viko wanauita braya, ni kichaka cha huko pembeni ya bahari ya Mediterania, kinachotumika ni lile nundu la kwenye mizizi, linachemshwa halafu linakaushwa muda mrefu sana kabla fundi hajaligusa. Na fundi anaweza akachonga siku nzima karibu amalize akakuta shimo ndani ya mti, kinatupwa. Ndo maana unakuta kiko kimoja dola elfu mbili, elfu tatu. Nilipoona hiyo bei ya kwanza nikarudisha mikono yote mfukoni.

Mzee hakuangalia hata kimoja kwa mbele. Anakipindua, anaangalia chini nyuzi za mti zilivyotulia, anachungulia pale mrija unapoungana na kichwa cha kiko, kile kinachojazwa tumbaku, halafu anatoa kile kiwaya chenye manyoya cha kusafishia anakipitisha kutokea ncha ya mrija. Kikifika mpaka ndani ya kichwa cha kiko bila kukwama anatingisha kichwa kukubali, kikikwama anakirudisha mezani na kumshukuru mwenyewe kwa upole sana, na mwenyewe anaelewa. Alinisimulia habari za Sixten Ivarsson, Mswidi aliyehamia Copenhagen akabadilisha namna Wadenmark wanavyochonga viko, alisimulia kwa heshima ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mwanasiasa yeyote.

Mimi kilichonichekesha ni meza za upande wa pili. Kuna viko vya gunzi. Gunzi la mahindi, ndio, hilohilo tunalowashia moto, kuna kiwanda kipo mji wa Washington jimbo la Missouri kinavitengeneza tangu 1869, na wenye viko vya maelfu ya dola nao wanavyo vya gunzi nyumbani na wanakwambia bila aibu kwamba vinavutika vizuri. Halafu kuna cha kibuyu! Kibuyu kutoka Afrika Kusini, kimepindwa kikiwa bado kinakua shambani, juu wamekiwekea bakuli la jiwe jeupe. Nikawa najisemea hawa watu wangemjua bibi yangu wangemfanya tajiri.

Sasa kwenye meza moja ya mitumba, yaani viko vilivyokwishatumika vikasafishwa, nikakuta kimoja kimevishwa ngozi, kizito kidogo, nikakipindua kama nilivyofundishwa. Kuna mchoro wa tembo. Kuna neno KIKO kwa herufi kubwa. Chini yake Tanganyika.

Nilisoma kwa sauti, muuzaji akageuka. Akaniambia hiyo ni mershamu ya Amboseli, jiwe jepesi linalonyonya maji ya tumbaku, lile bora kabisa linachimbwa Eskişehir kule Uturuki, lakini na kwenye mpaka wa Kenya na Tanganyika lilipatikana, na kiwanda kilikuwa Arusha. Mimi Arusha nimeishi! Nimekatiza Longido mara nyingi tu kwenda Namanga, sikuwahi kusikia mtu akitaja kwamba kule Sinya kulichimbwa mawe ya viko vya wazungu. Kama mhuri unasema Tanganyika basi kilichongwa kabla ya Muungano wa 1964, au labda mihuri ya zamani ilikuwa haijaisha, sisi tunajuana. Nikadhani nimeshika mali. Nikauliza bei, dola arobaini. Muuzaji akanieleza bila kunizunguka kwamba wakusanyaji hawavigombanii, jiwe la kwetu ni gumu na halina weupe wa lile la Uturuki, ndo maana vingi walivipaka rangi au kuvivisha ngozi. Iliniuma kidogo, sijui kwa nini, kiwanda si cha baba yangu. Nikamshusha mpaka thelathini nikakichukua.

Illinois tangu 2008 sheria haikuruhusu kuvuta ndani ya majengo ya umma, kwa hiyo wote wanaovuta waliwekewa tenti kubwa nje, na hapo ndipo nilipoona mkutano wenyewe. Moshi umetanda juu, wazee wamekaa kwenye meza za duara, na katikati ya kila meza kuna makopo na mitungi imefunguliwa, unakaa tu, unachota, hakuna anayekuuliza wewe nani. Kuna jamaa alikuja na kopo la miaka ya tisini, lingemlipa pesa nzuri tu, akalifungua pale watu asiowajua wakachota mpaka likaisha na yeye ndo aliyekuwa na furaha kuliko wote.

Mazungumzo ya mwaka ule yalikuwa msiba mtupu. McClelland, wachanganyaji wa Kansas City, walikuwa ndo wamefunga miezi ile ile, na tumbaku ya viko ya jina la Dunhill nayo ilikuwa imeondolewa sokoni, watu wanahesabiana makopo waliyoficha nyumbani. Mmoja akasema McClelland walisema wazi, majani ya kiwango wanachotaka hayapatikani tena kwa uhakika. Mzee hapo hapo akaninyooshea mkono: huyu hapa ameyakausha kwa mikono yake, muulizeni.

Yaani nilizungukwa. Wazee wa miaka sabini wananiuliza moto unaupandishaje, unajua vipi rangi imeshika, mvua ikinyesha mnafanyaje, na mmoja akaniletea Virginia tupu kwenye kopo ninuse niseme. Nikanusa. Hakuna cha kusema, ilikuwa ile harufu ya bani siku ya nne, ya tano, utamu ule unaokuganda kwenye nywele. Wakauliza sisi tunayahifadhi miaka mingapi kabla ya kuuza. Nikawaambia miaka? Sisi tunaomba Mungu soko lifunguliwe kabla panya hawajaanza, na msimu uliotangulia kuna tumbaku ililala maghalani bila mnunuzi. Mmoja alinyamaza akawa anaangalia kopo lake. Sikusema ili nimharibie siku, aliuliza nikajibu.

Halafu Mzee akafungua mtungi wake. Hapo utani ukakoma. Kila mtu anajaza kichwa cha kiko kwa awamu, chini analegeza, katikati anabana kiasi, juu anashindilia, anawasha mara ya kwanza majani yavimbe, anayashindilia tena, anawasha ya pili. Wakavuta. Hakuna anayesema, Mzee anazunguka na macho uso kwa uso, mimi niliyemuogesha asubuhi ile nilimwona mikono inatetemeka na si ya ugonjwa. Wa kwanza akasema Perique imezidi. Wa pili akasema haijazidi ila Burley ya nini. Wa tatu, ambaye inaonekana ndo walikuwa wanamwogopa, akavuta weee mpaka nusu, akasema iko sawa, irudishe mtungini, usiiguse miaka mitano.

"Miaka mitano!" Mzee akamwambia. "Umeniangalia vizuri lakini?"

Tenti likalipuka.

Wakaamua na mimi nijaribu, kwa kile kiko changu cha Arusha, na kukataa pale ingekuwa ukorofi. Walinifundisha nivute taratibu nisimeze moshi, nikavuta kwa haraka za mtu asiyejua, ulimi ukaanza kuungua, na baada ya muda jasho jembamba likanitoka mgongoni, mate yakajaa mdomoni, meza ikaanza kuogelea. Nikaitambua hiyo hali mara moja. Ni ile ile ya utotoni, ukichuma majani asubuhi yakiwa na umande au baada ya mvua, yale maji yanapita kwenye ngozi, unalewa, unatapika kwenye tuta na baba mdogo anakwambia kakae kivulini unywe maziwa. Hawa nao wana dawa yao, mzee mmoja alishanisukumia soda kabla sijafungua mdomo, sukari inasaidia, na kweli ilisaidia. Nikawaambia hali hii mimi niliipata bure nikiwa na miaka tisa, na wao wanainunua. Walicheka mpaka wengine viko vikazimika.

Njiani Mzee alilala. Alikuwa kanunua kiko kimoja kipya, si cha Denmark, cha kijana mmoja Mmarekani anayeanza, dola mia tatu na ushee, na mtungi wake ulikuwa umebaki robo. Nilipomfikisha kitandani ilikuwa kama saa tatu usiku, Urambo alfajiri, mama huwa ameshaamka, nikampigia. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za baridi, nikamhadithia yote. Kiko cha Arusha hakikumgusa hata kidogo. Kilichomgusa ni bei. Nikamwambia kikopo cha gramu hamsini wanauziana kama dola kumi na mbili, akaniambia subiri, akakaa kimya anapiga hesabu, gramu hamsini, vikopo ishirini kwenye kilo, dola mia mbili na arobaini. Na sisi kilo ikigusa dola mbili tunachinja kuku. Nikamwelezea kodi, sijui kuhifadhi miaka, sijui kuchanganya, kopo lenyewe, usafiri, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Sasa hao wazee wako, hawawezi kununua kwetu wenyewe?"

Kesho yake wakati wa chai nilimpa Mzee ule ujumbe, nikijua atacheka. Alicheka kweli. Halafu akaomba daftari lake, akauliza robota moja la tumbaku lina kilo ngapi, na linaweza kupita kwenye mlango wa chini.