Toleo Jipya au Kiraka?

Jumapili, jioni

Kundi lolote linalocheza kwa muda mrefu michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo msimulizi mmoja anaongoza kisa, wengine wanaigiza wahusika na dadu inaamua nani anafaulu, hufika mahali ambapo kitabu cha kanuni kimejaa kalamu. Pembeni kuna wino wa bluu, juu yake wino mwekundu, na katikati vikaratasi vimebanwa kwa stepla. Hapo ndipo mmoja husema, "Jamani, tutoe toleo jipya." Mara nyingi anakosea. Wingi wa marekebisho si kipimo. Marekebisho 40 ya sentensi zisizoeleweka yanaenea kwenye karatasi moja ya masahihisho, lakini rekebisho moja linalogusa hesabu ya dadu linaweza kuharibu kila kisa kilichokwisha kuandikwa.

Tuseme kuna mchezo wa kujitungia ambao visa vyake viko ziwani: wavuvi wa dagaa usiku wa giza, dhoruba kati ya Nansio na Mwanza, mtumbwi wenye mzigo ambao hakuna anayekiri kuwa ni wake. Kanuni kuu ni kurusha dadu mbili za pande 6, kuongeza ujuzi wako, na ukipata 8 au zaidi umefaulu. Mwenye ujuzi 0 ana nafasi 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Ujuzi 1 unampandisha hadi 58, ujuzi 2 hadi 72, ujuzi 3 hadi 83. Kwenye 4 amefika 92, na kwenye 5 ni 97. Hapo dadu imebaki pambo, na msimulizi anaanza kuzusha mawimbi makubwa kuliko ziwa lenyewe ili tu wachezaji wapate wasiwasi kidogo.

Kundi likiona hivyo hukimbilia kupandisha ile 8 iwe 10. Dawa mbaya. Mgeni mwenye ujuzi 0 anabaki na nafasi 6 kati ya 36, karibu asilimia 17. Atashindwa jioni nzima na wiki ijayo hamtamwona. Halafu ile 8 imejificha kila mahali: kila kufuli, kila mlinzi wa mwalo, kila upepo uliowahi kuandikiwa kisa ulipimwa kwa hiyo. Dawa nyepesi ni kikomo. Ujuzi usizidi 3, na anayeendelea kukua ajifunze jambo jingine badala ya kurundika palepale. Hilo linagusa karatasi za wahusika, visa vinabaki salama. Ni kiraka. Lakini mkiamua kuacha dadu mbili na kushika moja ya pande 20, mmebadili mkuku wa mtumbwi, na hicho sasa ni chombo kingine. Kiiteni toleo la pili bila aibu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, fanyeni jaribio moja. Toeni kisa cha zamani, mkiendeshe kwa kanuni mpya bila kukiandika upya, mwenye kalamu ahesabu mara ambazo msimulizi amelazimika kusimama kubadili namba. Akisimama mara mbili tatu, hilo ni sahihisho. Akisimama kila chumba, ni toleo.

Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa aina hii uliotoka mwaka 1981, unaonyesha njia ya katikati. Toleo la 7 la mwaka 2014 lilizigeuza sifa za mhusika, ambazo zamani zilikuwa namba kama 13 au 16, zikawa asilimia. Mabadiliko makubwa ukiyatazama kwenye karatasi, ila njia ya kuvuka ni kuzidisha kwa 5 tu: nguvu 13 inakuwa 65. Msimulizi anafanya hivyo kichwani huku akiongea, na visa vya miaka ya 1980 bado vinachezeka. Toleo jipya likikosa daraja fupi namna hiyo, waandishi wake hawajamaliza kazi.

Dungeons & Dragons (mchezo mwingine wa aina hii) ina mafunzo machungu zaidi. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2000, na mwaka 2003 vitabu vikuu vikachapishwa tena kama 3.5. Sababu za kiufundi zilikuwepo: uchawi wa kuongeza kasi, kwa mfano, ulikuwa unamruhusu mchawi kuachia uchawi mara mbili kwenye zamu moja, na marekebisho yakaubakiza shambulio moja la ziada. Kosa la kweli, lakini la aya moja. Yalikuwepo mengi ya namna hiyo, hata hivyo miaka mitatu ni michache mno kumwambia mtu anunue tena kitabu alichokwisha kukinunua. Mwaka 2008 toleo la 4 likabadili karibu kila kitu, na mwaka uliofuata Pathfinder, mchezo wa kampuni nyingine, ikatoka ikiwa imejengwa juu ya 3.5. Waliokataa kuhama walikuwa wamepata pa kwenda.

Kuna pia matoleo ambayo sababu yake haiko mezani kabisa. Pathfinder ilipangwa upya mwaka 2023 hasa ili kuachana na leseni ya kutumia maandishi ya Dungeons & Dragons, ndiyo maana majina yalibadilika zaidi kuliko hesabu. Kundi lenye vitabu vyake vya 2019 halina haraka yoyote.

Linalosumbua sasa ni vitabu vya Dungeons & Dragons vya 2014 (toleo la 5) na vya 2024 (marekebisho yake) kukaa meza moja. Majina ni yaleyale, maana ni tofauti. Uchawi wa kawaida wa kuponya majeraha, ngazi ya kwanza, ulirudisha uhai kwa dadu moja ya pande 8. Sasa ni dadu mbili. Uchovu wa zamani ulikuwa na adhabu yake kwa kila daraja kati ya 6. Sasa kila daraja linapunguza 2 kwenye dadu ya pande 20 na futi 5 kwenye mwendo. Mmoja akisoma kwenye simu toleo hili, mwenzake kwenye karatasi toleo lile, mnagombana na wote mko sahihi. Andikeni mwaka chini ya kila ukurasa, si kwenye jalada peke yake, kwa sababu jalada ndilo la kwanza kung'oka.

Kwa wanaotengeneza kitabu chao cha Kiswahili, habari njema ni kwamba hati ya kanuni za msingi za toleo hilo la 5 iliwekwa mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons. Unaweza kuitafsiri, kuichapisha, hata kuiuza, mradi utaje chanzo kama leseni inavyotaka. Hati tu, si vitabu vyenyewe.

Ukienda steshenari, usiruhusu kanuni zinazobadilika zibanwe pini katikati. Kijitabu cha A5 cha kurasa 64 ni karatasi 16 za A4, kila moja ikibeba kurasa nne. Ukirekebisha ukurasa wa 20 utachapisha upya pia wa 19, 45 na 46, na maneno yakizidi yakasukuma ukurasa mmoja mbele, kazi yote imeharibika. Panchi na faili ni bora: jani moja, kurasa mbili, unachomoa unaweka jingine. Pini zisubiri kanuni zikitulia.

Wakati wa kuhama nao una hesabu yake. Kundi lenye wanafunzi wa vyuo vya Nyegezi au Bugando, Mwanza, hupoteza watu vyuo vikifungwa na kupata wapya vikifunguliwa. Hamieni hapo, mfululizo mmoja ukiisha na mwingine haujaanza, kwa sababu mgeni hana cha kusahau. Mkihama katikati, msijaribu kufuta na kuandika juu ya karatasi ya mhusika ileile. Kwa kanuni za 2024 nyongeza za sifa hutoka kwenye usuli wa mhusika (maisha yake ya awali), si kwenye asili yake (kama ni binadamu au kiumbe kingine), na mhusika kasisi hachagui tawi lake, yaani utaalamu wake mahususi, kabla ya ngazi ya 3. Mhusika wa ngazi ya 1 aliyekwisha lichagua atalipoteza. Anzeni na karatasi safi, mjenge mhusika kutoka ngazi ya 1 hadi aliyonayo, kisha muweke ya zamani pembeni kwa ajili ya mali na madeni yake.