Volvo 240: kabla ya kubadilisha sili



Mwenye gari la Volvo 240, injini ikivuja oili usikimbilie kubadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) kuna kizuia moto, kidude cha plastiki chenye matundu madogo. Kikijaa masizi, mvuke wa injini hukosa pa kutokea, unasukuma sili ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu), hata ile ya nyuma ya krenkishafti (mhimili mkuu wa injini). Injini ikiunguruma, fungua mfuniko wa oili, funika tundu kwa glavu ya mpira: glavu ikivimba, kidude kimeziba. Badilisha kidude na mipira yake ya kupitishia mvuke kwanza. La sivyo sili mpya nayo itavuja.