Jinsi nilivyoacha "kuamka" mara tatu kila asubuhi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka, napiga mswaki, navaa, nafika kituoni kusubiri daladala, halafu kengele ya simu inalia. Kumbe bado niko kitandani! Kuna siku niliamka hivyo mara tatu mfululizo. Ile ya tatu, ya kweli, niliikagua kama noti bandia.

Kosa langu lilikuwa kuahirisha kengele kila baada ya dakika 9. Usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri, nami nilikuwa naukatakata na kuurudia. Nikabakiza kengele moja, simu nikaiweka mbali na kitanda.

Pia nikajizoeza kubana pua mchana, mdomo nimefumba, na kujaribu kuvuta hewa. Ukiwa macho haiingii. Ndotoni mara nyingi huingia. Wiki ya pili nilibana pua bafuni, hewa ikapita bila shida. Nikajua naota. Nikautupa mswaki, nikatokea dirishani, nikaelea juu ya mabati ya jirani. (Si uchawi: mwaka 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alinasa ishara za macho alizotoa kwa makusudi mtu aliyejua kuwa anaota.)

Siku hizi kule "kuamka" kwa uongo hunitokea kwa nadra. Abiria wenzangu kituoni wameshazoea kuniona nimebana pua.