Bomba mgongoni, ziwa mbele: siku yangu moja Mwanza

Saa 11 alfajiri. Natoka nje hapa Igoma kuangalia anga kabla hata ya kunawa. Ni Novemba, vuli imeshakolea, na upande wa ziwa kuna wingu zito. Kwetu wapulizaji wa dawa za kuua magugu, wingu ndilo linalopanga kazi.

Saa 12:40. Niko kazini: maegesho ya kokoto kwenye eneo la wazi, yanashuka taratibu hadi ufukweni. “Mwangaluka,” namsalimu msimamizi. Ameweka madumu mawili. Moja ni glaifosati, inayoingia kwa jani tu. Ikigusa udongo inashikwa humo. La pili ni diuroni, wenye mashamba ya miwa wanaijua vizuri. Hiyo ndiyo “dawa ya kukaa”: inabaki ardhini miezi kadhaa ikisubiri mbegu zichipue. Msimamizi anaitaka kila mahali. Namwelewa. Tenda inasema pawe safi miezi sita, na kila akiniita tena ni hela.

Saa 1. Kabla ya dawa, ufagio. Kijana wangu analalamika kila siku, “Kaka, sisi wafagiaji au wapulizaji?” Namfunulia kokoto. Magugu mengi hayatoki chini; yanaota kwenye vumbi na majani makavu yaliyonasa juu. Ndago ndiyo tofauti, ina viazi vyake chini, hiyo hata ufagie wiki nzima.

Kisha tunapima bomba kwa maji matupu: mita 10 kwa 10, mwendo wa kawaida. Zimetumika lita 3. Kwa hiyo bomba la lita 15 linatosha mita za mraba 500. Anayekadiria kwa macho huzidisha, na dawa ya kukaa ikizidi huipunguzi tena.

Saa 2. Mabishano. Nimehesabu hatua toka majini na kuweka mawe yenye chokaa kwenye mita 60. Nimeazima kipimo hicho kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya umbali huo. Chini ya mawe yangu, diuroni hapana.

“Mzee, hizo ni nyasi, siyo samaki,” msimamizi anasema.

Namwambia diuroni huua kwa kuzuia mmea kutengeneza chakula kwa jua. Ule ukijani wa ziwani nao hutengeneza chakula hivyo hivyo, na sato anaula. Kokoto haina mboji ya kuishika dawa, mvua kubwa inaizoa kirahisi. Ulaya kibali chake kilikwisha mwaka 2020. Ananyamaza, anapiga simu.

Namsubiri nikiwa chini ya mkrismasi. Miaka michache nyuma, kwenye kazi nyingine, nilipuliza imazapiri, dawa nyingine ya kukaa, kwenye kokoto. Shina la mkrismasi lilikuwa mbali, nikaona niko salama. Mizizi ilikuwa chini ya miguu yangu. Majani mapya yalitoka madogo, yamejikusanya kama ufagio wa chelewa, na Desemba haukutoa ua hata moja. Waliukata. Nililipwa hela yangu yote, wala hakuna aliyeniuliza.

Saa 3. Simu imejibu: nifanye ninavyoona. Diuroni juu tu, mbali na miti, nozo, ule mdomo wa bomba, ikiwa chini. Ufukweni kijana anang'oa kwa jembe, kimya kabisa.

Saa 4:30 upepo wa ziwa unaamka. Tunaacha. Dumu nalisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yanarudi kwenye bomba na kupulizwa palepale juu. Wapo wanaosuuzia ziwani, nimewaona, hatua chache toka kwa kina mama wanaoosha dagaa.

Saa 7, ugali na sato kwa mama ntilie.

Saa 11 jioni mvua inashuka, siyo ile ndogo ya kuishusha dawa udongoni niliyoitaka. Msimamizi anapiga.

“Imesombwa?”

“Nyingine imesombwa, bosi.”

“Na kule chini majani yakirudi?”

“Nitakuja na jembe.”