Mkono wa Fundi wa Dhungri

Kutoka Chandigarh hadi Manali, mji wa milimani kaskazini mwa India, ni kama kilomita 300, na sehemu kubwa ya safari, ukishaanza kupanda milima, ni kona tupu. Nilitapika mara mbili. Mzee mmoja wa kiti cha jirani akanipa kipande cha limau nikinuse, tusijuane hata kwa jina. Kulipopambazuka mto Beas ulikuwa chini yetu, maji meupe yakijipiga kwenye mawe, na juu theluji. Mimi mtoto wa Tanga, barafu nilikuwa naijua ya kwenye friji.

Wenzangu wa chuo walifuata theluji. Mimi nilifuata mbao. Baba yangu ni seremala, na tangu nije kusoma India ombi lake ni lilelile: nimwoneshe kazi ya mafundi wa huku. Mafundi wa Kihindi walichonga baadhi ya milango ya Unguja, na baba hajawahi kuwasamehe kwa ufundi ule.

Hekalu la Hidimba liko Dhungri, juu kidogo ya mji, katikati ya msitu wa mierezi. Wenyeji mti huo wanauita devdar, mti wa miungu. Getini kina mama wanakukodisha sungura wa manyoya marefu upige naye picha, na wanaume wana yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya mengi, aliyetandikwa shuka za rangi. Nilipita haraka. Msituni kelele zikapungua, ikabaki harufu ya utomvu, ileile ya karakana asubuhi kabla moshi wa pikipiki haujaingia.

Hekalu lilijengwa mwaka 1553 na Raja Bahadur Singh, mfalme wa Kullu. Lina urefu wa mita 24 na mapaa manne yaliyopandana. Matatu ya chini ni ya pembe nne, yameezekwa mbao za mwerezi. La juu kabisa limefunikwa metali na kuchongoka kama kawa. Nikajiuliza kwa nini yachongoke hivyo, jibu likaniangukia begani: bonge la theluji liliteleza kutoka juu. Kuta za chini zimekandikwa udongo na kupakwa chokaa, na juu yake zimetundikwa pembe za wanyama, nyingine kubwa na zimejikunja kama usukani.

Nilikaa zaidi mlangoni. Mlango wenyewe ni mdogo, lazima uiname, lakini miimo yake ni mipana na haina mahali patupu pa kuweka kidole. Mungu wa kike Durga yupo, wanyama wapo, majani yanayosokotana, visa vya mungu Krishna, na sayari tisa za Wahindu. Ukiinamisha kichwa ili mwanga upite ubavuni, unaona patasi ilipoingia na ilipotolewa. Jani moja upande wa chini limezidi kina kuliko wenzake. Fundi alikosea, au alichoka, au ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye mbao hiyo.

Nikavua viatu, nikaweka simu mfukoni, nikainama. Nilitegemea sanamu kubwa. Ndani kuna jabali. Hekalu zima limejengwa kulizunguka, na kinachoabudiwa ni alama za nyayo za Hidimba kwenye jiwe. Sanamu yake ya shaba haifiki hata urefu wa kiganja.

Hidimba alikuwa zimwi. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, kaka yake anasikia harufu ya watu msituni, anamtuma awalete waliwe. Anakwenda, anamkuta shujaa Bhima yuko macho akiwalinda ndugu zake waliolala, na moyo unamgeuka. Bhima anamuua kaka mtu, kisha anamwoa dada, kwa sharti kwamba mke akishapata mtoto, yeye Bhima ataondoka. Mtoto akazaliwa, Ghatotkacha, na baba akaenda zake. Hapo hapo Dhungri, chini ya mti, mtoto naye ana mahali pake pa kuabudiwa, shina limejaa pembe. Mume hakurudi, lakini huku mlimani mwenye heshima ni mke.

Na si heshima ndogo. Wanasimulia kwamba Vihangamani Pal, mwanzilishi wa ufalme wa Kullu, alikutana njiani na bibi kizee aliyechoka, akambeba mgongoni. Mbele kidogo bibi akashuka, akambeba yeye mabegani, akamwambia: yote unayoyaona yatakuwa yako. Bibi yule alikuwa Hidimba. Ndiyo maana ukoo wa wafalme wa Kullu unamwita bibi yao, na sherehe za Dussehra kule Kullu, zinazokusanya miungu ya bonde zima, hazianzi mpaka afike.

Kisa cha fundi nilikisikia nje, kwa muuza chai. Eti mfalme alipoona hekalu limekamilika alimkata fundi mkono wa kulia, asije akajenga jingine kama hilo kwa mtu mwingine. Fundi akaufundisha wa kushoto, akavuka milima, akajenga hekalu la Triloknath. Huko nako wakaipenda kazi yake. Safari hii wakamkata kichwa.

Jioni nikapita kijiji cha zamani cha Manali kutazama nyumba za kath-kuni: boriti ya mwerezi, safu ya mawe, boriti tena, bila saruji. Kath ni mbao, kuni ni kona, maana boriti zinafungana konani. Kwetu kuni ungezitia jikoni. Ukuta wa namna hiyo ardhi ikitikisika unacheza nayo. Ngome ya Naggar, chini bondeni, ilivuka tetemeko la 1905.

Usiku nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeona mlango?"

Nikamweleza yote, hadi lile jani lililozidi kina. Nilipofika kwenye mkono wa fundi akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Pesa yake alishalipwa?" akauliza.